Siku Leboo Alipoomba Kipaza Sauti

Watu wa Mnyuzi walianza kusema kwamba Jabiri Semboja amegombana na imamu. Hakuna aliyejua waligombania nini, lakini ushahidi ulikuwa wa macho: mtu aliyesimama safu ya kwanza kwa miaka thelathini, mtu aliyeswalisha kila imamu aliposafiri, sasa Ijumaa zilimpita akiwa kwenye michungwa yake, anapalilia mahali palipokwisha kupaliliwa.

Jabiri hakuwa na ugomvi na mtu. Ugomvi wake ulikuwa na mwili wake mwenyewe. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na tangu mwaka uliotangulia mkojo ulikuwa ukimfanyia vituko. Anausubiri, hauji. Ukija, unakuja kama maji ya bomba siku ya mgawo, unakatika, unarudi, unakatika tena. Na akishamaliza, akishafunga suruali na kuondoka, yanamchuruzika matone mawili matatu. Hayo matone ndiyo yaliyomtoa msikitini. Alikuwa anatia udhu, anafika mlangoni, anahisi unyevu, anarudi kutawadha, anafika tena, anahisi tena. Siku moja aliswalisha Alasiri, na katikati ya rakaa ya pili akahisi tone. Akaimaliza swala huku moyo ukimsuta, akaenda nyumbani, akaswali upya peke yake. Tangu siku hiyo hakutaka tena kubeba swala za watu.

Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Mkewe Fatu alimuuliza mara moja mbona anaamka mara nne, mara tano usiku, akamjibu kwamba amezidisha chai. Akaacha chai ya jioni. Akaendelea kuamka.

Mwezi wa nane, mahindi yalipokwisha kuvunwa, Leboo alikuja na ng'ombe wake kama alivyokuja kila mwaka. Leboo alikuwa mfugaji wa Kimasai kutoka nyika za Handeni, ng'ambo ya mto, rika moja na Jabiri au kumzidi kidogo. Miaka yake mwenyewe hakuwa na uhakika nayo. Ng'ombe walikula mabua ya Jabiri, Jabiri akabaki na samadi, na wote wawili wakabaki na mazungumzo ya wiki mbili.

Urafiki huo ulianza kwa shari. Miaka kumi na mitano nyuma, ng'ombe waliingia shambani kwa Jabiri mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, wakafyeka nusu ya shamba. Baraza la kijiji likaitwa. Wafugaji wakaapa mmoja mmoja kwamba ng'ombe si wao. Mara akaingia mtu mrefu, amejifunga shuka la bluu, akasimama katikati akasema, "Ng'ombe ni wangu. Aliyekuwa anachunga ni mimi. Nililala usingizi." Watu waliangua kicheko, kwa maana ni nani alishawahi kumsikia Mmasai akikiri mbele ya Wazigua na Wasambaa kwamba alisinzia machungani? Yeye alisubiri wamalize kucheka, kisha akauliza alipe nini. Jabiri alirudi nyumbani siku ile akamwambia Fatu, "Nimemwona mwanamume." Na tangu hapo hakubadilisha kauli.

Sasa walikuwa wamekaa juu ya magunia ya mahindi kando ya kibanda cha shamba, birika la chai kati yao. Kulikuwa na ubaridi wa asubuhi, lakini Jabiri aliona rafiki yake anajifuta jasho usoni kwa ncha ya shuka. Aliona pia kwamba anatembea kwa kuegemea fimbo, si kwa kuishika tu. Hakuuliza. Aliinuka, akaenda nyuma ya kibanda, akakaa huko muda mrefu, akarudi.

"Jabiri," Leboo akasema.

"Naam."

"Tangu tukae hapa umeinuka mara tatu. Na kikombe cha kwanza hujakimaliza."

"Ni sukari. Nadhani nina kisukari."

"Umepima?"

"Bado."

"Basi hujui kama ni sukari." Leboo akaweka kikombe chini. "Ukienda kule nyuma, mkojo unakuja wenyewe au unausukuma? Ukimaliza, unachuruzika? Mgongo huku chini unauma? Umewahi kuona damu?"

Jabiri alihisi uso unamchemka. "Leboo, hayo si mambo ya kuulizana watu wazima."

"Ni kweli," Leboo akasema. "Baba yangu naye alisema hivyo. Akafa."

Ndipo akaanza kusimulia. Alisimulia taratibu, macho yakiwa kwa ng'ombe, kama anayeeleza habari za mtu mwingine. Baba yake aliumwa mgongo miaka miwili. Wakasema ni uzee, wakasema ni baridi ya kulala nje. Wakamchemshia mizizi ndani ya supu ya mbuzi. Kisha miguu ikaisha nguvu. Mtu aliyekuwa anatembea kutoka Handeni hadi Kiteto bila kukaa chini, akawa anatambaa kwenda uani. Hakuna aliyejua ni nini. Alizikwa na siri yake.

"Miaka mitatu iliyopita," Leboo akaendelea, "nyonga yangu ikaanza. Nikasema ni kutembea. Nikanywa mizizi ileile. Siku moja nikaona damu kwenye mkojo, nikafukia kwa udongo ili wachungaji wasione. Nalotuesha akaona udongo." Akatabasamu kidogo. Nalotuesha alikuwa mkewe. "Mwanamke yule anaona kila kitu. Akasema, ama unakwenda hospitali, ama nakwenda mimi kuwaambia kaka zako unachofukia. Nikaenda. Wakanituma Moshi. Kule wakaniambia ni saratani ya tezi dume, na imeshatoka kwenye tezi, imeingia kwenye mifupa."

Jabiri alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Wakasema saratani hii inakula nguvu za kiume, ndiyo chakula chake. Ukiikatia chakula inalala. Haifi, ila inalala. Kuna sindano za kuchoma kila baada ya miezi mitatu, maisha yote, na kuna upasuaji wa mara moja. Nikafikiria safari za kwenda na kurudi Moshi, na ng'ombe nimwachie nani. Nikachagua upasuaji." Hapo ndipo alipomgeukia Jabiri na kumtazama usoni. "Wamenihasi, rafiki yangu. Mimi niliyehasi madume ya watu tangu nikiwa kijana, kwa koleo langu mwenyewe. Wamenifanya maksai."

Upepo ulipita kwenye mabua. Jabiri alijua maana ya neno lile kwa mtu wa kabila lolote, na zaidi kwa mtu anayeishi katikati ya ng'ombe. Alitaka kutazama pembeni lakini Leboo hakuyaondoa macho yake, na Jabiri akaona si haki mwenye msiba awe ndiye mwenye macho makavu na yeye ndiye wa kuinama.

"Nalotuesha alisemaje?" akauliza mwishowe.

"Daktari alimuuliza kama ameelewa. Akasema, 'Nimeelewa. Nataka mtu anayerudi jioni na ng'ombe. Hayo mengine nilishayapata, nina watoto sita.'" Leboo akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli. "Joto linanipanda tu, kama mwanamke aliyekoma hedhi. Unaona jasho hili? Lakini maumivu yalipungua, na miguu yangu ninayo. Baba yangu hakuwa nayo."

Kisha akasema lililomleta: "Mimi nilichelewa. Wewe usichelewe. Nenda Korogwe wakupime."

Jabiri akasema atakwenda. Hakwenda.

Si kwamba hakuamini. Aliamini kupita kiasi, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Akienda akaambiwa anayo saratani, je? Na alikuwa amesikia vijana kijiweni wakichekeshana kuhusu kidole cha daktari. Siku ya soko alinunua chupa ya dawa kwa mtu mwenye spika, aliyenadi kwamba inasafisha figo, inatibu mkojo, inarudisha ujana. Aliinywa ikaisha. Ujana haukurudi wala mkojo haukubadilika.

Mwezi wa kumi Leboo alimpigia simu. "Jumatano njoo mnadani," akasema. "Nina jambo."

Mnada ule wa upande wa Handeni hukusanya watu kutoka kila pembe: wafugaji na mifugo yao, wakulima na vitunguu vyao, wauza mitumba, wachoma nyama, wanunuzi wa ng'ombe na malori yao. Mpiga mnada alikuwa Mbaruku, mtu mfupi mwenye sauti ya kuziba masikio hata bila spika. Saa tano, biashara ilipopamba moto, Jabiri alimwona Leboo anapita katikati ya watu na fimbo yake, anamnong'oneza Mbaruku. Mbaruku akashtuka, akatikisa kichwa. Leboo akanong'ona tena. Mbaruku akampa kipaza sauti kama mtu anayemkabidhi mwenzake kaa la moto.

"Mimi ni Leboo," sauti ikasikika juu ya mlio wa ng'ombe. "Wengi mnanijua. Ng'ombe wangu mnawajua zaidi."

Watu wakacheka.

"Leo siuzi. Nataka kuwaambia jambo la wanaume. Akina mama mnaweza kubaki, kwa sababu ninyi ndio mtakaowakokota kwenda hospitali."

Akasema yote. Hakuzunguka, hakutumia mafumbo. Alisema mkojo unavyokatika na unavyochuruzika, alisema kuamka usiku mara kwa mara, alisema damu, alisema mgongo na nyonga. Alisema vilevile kwamba ugonjwa ukiwa mchanga unaweza usikuume popote, kwa hiyo mtu asisubiri kuumwa. Akifika miaka hamsini aende, na kama baba yake au kaka yake aliugua, aende mapema zaidi, hata akiwa na arobaini na tano. Alisema habari za baba yake. Watu walikuwa wamenyamaza kiasi kwamba Jabiri, aliyejibanza nyuma ya lori la kupakia ng'ombe, alisikia mafuta ya nyama yakidondoka kwenye mkaa.

Kisha Leboo akasema alichofanyiwa Moshi.

Pakazuka mnong'ono, halafu minong'ono, halafu sauti ya mtu ambaye bila shaka alikuwa amekwisha kunywa ikapanda kutoka upande wa malori: "Kumbe wewe ni maksai!"

Kicheko kililipuka. Jabiri alifumba macho. Aliona aibu kama vile ni yeye aliyevuliwa nguo pale, na akaona aibu ya pili, iliyo mbaya zaidi, kwamba amejificha.

Leboo alisubiri. Alisubiri vilevile kama alivyosubiri kwenye baraza la kijiji, bila kukunja uso, mpaka kicheko kikajichokea chenyewe.

"Ndiyo," akasema kwenye kipaza sauti. "Maksai. Sasa wewe uliyesema, nijibu. Mvua ikinyesha ukitaka kulima, plau unamfunga dume au unamfunga maksai?"

Kisha mtu mmoja akacheka, mwingine akapiga makofi, na safari hii kicheko kilikuwa upande wake. Leboo akaacha kipite.

"Baba yangu alikuwa dume hadi mwisho," akasema. "Alikufa anatambaa. Na mnaogopa kidole. Ng'ombe wangu wakishindwa kuzaa nawaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Sijasikia hata mmoja akisema nimemvunjia heshima." Akamrudishia Mbaruku kipaza sauti. "Endelea na biashara."

Haikuwa imekwisha. Sankale, kaka yake Leboo wa baba mmoja, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alimsimamisha njiani. Jabiri alikuwa ameshasogea, akasikia. "Umetuvua nguo," Sankale akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Baba yupo kaburini na umemwanika. Wanangu watatakwa na nani?" Akatema mate chini, akageuka, akaondoka na ng'ombe wake bila kuuza hata mmoja.

Leboo alisimama akimwangalia hadi vumbi lilipotulia. Hapo tu Jabiri alimwona anavuta shuka na kujifunika mpaka shingoni, katika jua lile la mchana. Akaelewa kwamba mtu huyu hakuwa ameumbwa bila aibu. Aibu alikuwa nayo yote, kamili, na alikuwa ameibeba mpaka kwenye kipaza sauti.

Alipokuwa anamsogelea, mtu mwingine aliwahi. Alikuwa Hiza, mchoma nyama, jitu la miraba minne lenye aproni ya damu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akafungua vifungo vya shati.

"Mzee Leboo, na hili je?"

Upande wa kushoto wa kifua chake, chuchu ilikuwa imezama ndani, na chini yake ngozi ilikuwa imejikunja kwenye kitu kigumu kama mbegu ya ubuyu. Alisema anacho tangu mwaka jana. Hakiumi. Hakuwahi kumwonyesha mtu, maana hayo ni mambo ya matiti, na matiti ni ya wanawake.

Leboo alikitazama bila kukigusa. "Hilo silijui," akasema. "Nisikudanganye. Lakini hata la kwangu nilikuwa silijui. Njoo tukaonyeshe wanaojua."

Jabiri akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Kesho nakwenda Korogwe."

Leboo akamgeukia. Hakusema nilikwambia. Alisema, "Saa mbili nitakuwa stendi."

Nyumbani, Jabiri alimwambia Fatu kabla hata ya kuvua viatu. Alijiandaa kwa kilio. Fatu aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo, kisha akasema, "Mimi ndiye ninayekufulia kanzu, baba Mwanaisha. Ulidhani sioni? Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe, nisije nikakudhalilisha." Akaweka ungo chini. "Nimesubiri sana. Safari nyingine sitasubiri."

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata walikuwa watu wanne kwenye benchi la hospitali mjini Korogwe: Leboo na shuka lake, Hiza aliyevaa shati jipya, Jabiri, na Fatu aliyekataa kubaki kwa dada yake mtaani Masuguru kama alivyoombwa. Daktari aliitwa Obadia, kijana ambaye angeweza kuwa mtoto wa yeyote kati yao. "Shikamoo wazee," akasema, na jinsi alivyosema ilimpunguzia Jabiri nusu ya hofu.

Alimsikiliza hadi mwisho. Akamwambia kwamba tezi dume hukua kwa wanaume wengi wakizeeka, na mara nyingi shida ya mkojo ni kukua huko tu, hakuna saratani. Lakini kwa maneno matupu hakuna awezaye kutofautisha. Wangepima damu. Na hata damu haisemi yote, kwa sababu kipimo kinaweza kupanda kwa maambukizi au kwa tezi kukua tu. Ndiyo maana kidole nacho kinahitajika.

Kilichukua muda wa kuvuta pumzi mara tano. Jabiri alitazama kalenda iliyokuwa ukutani, yenye picha ya twiga, akamaliza kusoma siku za mwezi mzima. Alipotoka nje Leboo alimuuliza, "Umekufa?"

"Sijafa."

"Basi."

Hiza alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Alitoka ameshika karatasi ya kwenda Moshi, uso umempauka. Dokta Obadia alikuwa amemweleza wazi kwamba mwanamume naye ana titi, dogo lakini lipo, na saratani huliingia, ingawa ni kwa nadra. Kwamba uvimbe usiouma ndio wa kuogopwa zaidi. Alimwambia pia awaambie wanawe wakubwa wajipapase korodani wakati wa kuoga, kwa sababu kuna saratani nyingine inayopenda vijana, nayo huanza kwa kijivimbe tu kisichouma. "Nchi nzima ya mwanamume ina magonjwa," Hiza akasema kwa mshangao, "na hatujui hata mipaka yake." Leboo akamwekea mkono begani, na wakakaa hivyo, jitu lile na mzee yule mwembamba.

Damu ya Jabiri ilirudi na namba kubwa. Naye akatumwa Moshi, wakamtoa vinyama kwa sindano, akasubiri majibu wiki tatu. Katika wiki hizo alifanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mwaka mmoja kabla: alimwendea imamu, akamweleza habari ya matone. Imamu alimsikiliza, akahuzunika. "Ulikuwa unateseka kwa jambo ambalo dini imekwisha kulifungulia mlango?" akasema. "Mwenye udhuru kama huo anajisitiri, anatawadha kila kipindi kikiingia, anaswali. Mungu hamtwishi mtu asichokiweza." Ijumaa ile Jabiri alirudi msikitini, akasimama safu ya nyuma karibu na mlango, na wale waliosema kwamba wamegombana wakasema sasa wamepatana.

Majibu yalikuwa saratani. Daktari wa Moshi alimwonyesha kwa kalamu kwenye karatasi: tezi, na ndani yake madoa mawili, na ukingo wa tezi ukiwa haujavunjwa. "Imekamatwa ikiwa ndani ya nyumba," akasema. "Haijatoka nje." Fatu aliyekuwa kando yake alisema Alhamdulillahi mara nyingi mpaka daktari akasita kuendelea.

Mionzi alipigiwa Dar es Salaam, siku tano kwa wiki, karibu miezi miwili, akikaa kwa binti yake Mwanaisha. Ilimchosha, ikamsumbua tumbo, ikamtia huzuni ambayo hakuijua jina. Karibu kila jioni simu ililia. Leboo alikuwa akipanda juu ya kichuguu nje ya boma ili apate mtandao, na sauti yake ilikuja na upepo.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Ng'ombe mwenye baka ameshazaa. Ndama jike."

"Hongera."

"Haya. Kesho."

Hayo tu, na Jabiri aliyasubiri kuliko dawa.

Alirudi Mnyuzi michungwa imechanua. Alipopata nguvu ya kukaa juu ya pikipiki, alimpigia Lenku, mtoto mkubwa wa Leboo, aje kumchukua, wakavuka kwenda Handeni. Njiani Lenku alimwambia kwamba amekwisha kupimwa, yuko salama, atarudia mwakani, na wadogo zake watapimwa wakifikisha umri. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba maumivu ya baba yamerudi.

Leboo alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya Nalotuesha, amekonda, fimbo mbili badala ya moja. Saratani iliyokuwa imelala ilikuwa imegeuka ubavu. Moshi walikuwa wamempa vidonge vipya. Jabiri alikuwa ameandaa maneno ya shukrani njia nzima. Alipomwona, yote yakamtoka. Alishika tu mikono yake miwili.

"Unaonekana mnene," Leboo akasema.

"Ni Mwanaisha. Alikuwa ananilisha kama kuku wa kuuza."

Nalotuesha alileta maziwa. Alimwambia Jabiri kwamba tangu siku ya mnada hapakosi watu. Wanakuja wawili wawili, wanajifanya wameuliza njia, au wanatafuta mbuzi aliyepotea, kisha wanabaki. Leboo anawauliza yale maswali yake, anawaambia waende wapi na wamwone nani. Hiza alikuja wiki iliyopita na nusu ya mbuzi. Titi limeondolewa, anaendelea na dawa, nywele zimekatika lakini nyama anachoma. Mama mmoja alimleta mumewe kutoka Mashewa, mwendo wa siku nzima, akiwa amemshika mkono wa shati. "Mimi nimechoka kuchemsha chai," Nalotuesha akasema, lakini alisema kwa namna ya mtu anayesifu.

Jabiri alimtazama rafiki yake. Alifikiri juu ya dawa ambayo haikumponya mwenye nayo lakini yeye akaigawa kwa kila aliyepita. Yeye Jabiri alikuwa ameswalisha watu miaka mingi na kuamini anajua maana ya kusimama mbele. Hakuwa ameijua hata kidogo.

Walikuwa bado wanakunywa maziwa walipomwona mtu anakuja peke yake kutoka upande wa malisho, bila ng'ombe, bila watoto. Nalotuesha akakinga macho jua. "Ni Sankale," akasema, akasimama.

Sankale hakuwa ameingia boma lile tangu mwezi wa kumi. Alifika, akamsalimu Jabiri, akaitikia salamu ya Nalotuesha, akakaa kwenye gogo mbali kidogo na mdogo wake. Alizungumza habari za mvua. Alizungumza habari za majani upande wa Kilindi. Leboo aliitikia kila neno na hakumharakisha. Mwishowe Sankale akaingiza mkono ndani ya shuka, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, laini kwa jasho, akamnyooshea.

"Wameniandikia hii Handeni," akasema. "Sikutaka kumpa mtu wa kwangu aisome."

Leboo hakujua kusoma. Akampa Jabiri. Jabiri akavaa miwani, akaisoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. "Wamekupima damu," akasema. "Namba imepanda, si sana. Hawajasema ni saratani. Daktari anataka akuone tena Jumatatu, akupime zaidi."

Sankale alitazama chini. Alichora mstari mavumbini kwa ncha ya fimbo, akaufuta kwa mguu.

"Kipimo chenyewe," akasema polepole, "ni kile ulichokisema mnadani?"

"Ndicho," Leboo akasema.

"Na ni dakika ngapi?"

"Hazifiki mbili. Muulize huyu."

"Hazifiki," Jabiri akasema. "Kwenye kalenda nilisoma mwezi mmoja tu."

Sankale hakucheka, lakini mabega yake yalishuka. Leboo alishika fimbo zake mbili, akajiinua kwa tabu, Nalotuesha akafanya kama anataka kumsaidia kisha akaacha. Akatembea hatua zile chache hadi kwenye gogo, akakaa kando ya kaka yake, bega kwa bega.

"Jumatatu tunaondoka saa kumi na mbili," akasema. "Lenku atatupeleka."